Dawa ya Saa Kumi

Saa kumi alfajiri, Al-Khudh, mwezi wa Julai.
Joto halijalala, nami sijalala.
Nampa Bi Zayana kidonge chake cha presha,
nusu gilasi ya maji, mto nyuma ya mgongo,
na kabla hajameza, spika ya msikiti inakohoa,
kisha inaanza.

Mwaka wa tatu huu. Mkono wangu bado hutetemeka.
Maji humwagika kidogo kwenye shuka,
naye hujifanya hakuona.

Utamwambiaje mtu anayekulipa mshahara,
anayekuita mwanangu,
kwamba maneno anayoamkia kuswali
ndiyo ya mwisho kusikia kaka yako?

Ezra. Mwalimu wa hesabu.
Mji wa mpakani, vumbi na mbuzi, nyumba za walimu.
Walibisha usiku, wakawapanga ukutani,
wakamtaka kila mtu atamke shahada.
Abdinoor, mwenzake wa chumba, alimnong'oneza,
neno kwa neno, kama mtu anayempa mwenzake jibu la mtihani.
Ezra akakwama kwenye neno la tatu.
Haya alitusimulia Abdinoor siku ya mazishi,
akiwa amesimama mbali na kaburi
kwa aibu isiyokuwa yake.

Mimi nilichukia. Sina haja ya kumdanganya Mungu.
Nilichukia kanzu, tasbihi, harufu ya ubani,
kisha nikapanda ndege kuja kuishi ndani yake,
maana watoto wa Ezra wanataka karo,
na karo ilikuwa huku. Mungu ana mzaha wake.

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu.
Wenyeji wakienda msikitini, sisi tunakwenda Ghala:
Wafilipino, Wahabeshi, Wahindi wa Kerala,
mimi Mkisii na shati langu la kupigwa pasi mara mbili.
Tunaimba. Tunasali ile sala ya Bwana,
na tukifika pale pa kusamehe
najifanya nakohoa.

Alfajiri moja nikamwambia. Sijui kwa nini siku ile.
Bi Zayana aliishika tasbihi bila kuihesabu.
Kisha akasema:

"Waliomuua baba yangu walisema Kiswahili.
Hiki hiki changu na chako. Mmoja alimwamkia kwanza,
shikamoo mzee, halafu ndo panga.
Nlikuwa chini ya kitanda, nna miaka tisa.
Tukaja huku. Mwaka mzima sikusema kitu.
Kiarabu sikijui, Kiswahili kinaninukia damu.
Lakini mama hakuwa na lugha nyingine ya kunibembelezea.
Basi."

Hakuniambia kwamba Uislamu si hivyo,
kama wasemavyo watu wa televisheni.
Aliniuliza jina la kaka yangu tu.
Ezra, nikasema. Akalirudia taratibu:
"Uzeir. Mbona limo kwetu."

Sijui kama dini yake inamruhusu.
Nasra, bintiye, anasema hairuhusu,
wakagombana jikoni kwa sauti ya chini.
Ninachojua ni kwamba baada ya sala
viganja vyake hukaa juu muda mrefu kuliko zamani,
na midomo husita mahali fulani,
kama mtu anayepitia jina geni.

Sijasamehe. Niliandike hilo lisomeke.
Wako vijana wanaopewa bunduki usiku huu,
na mtu anawafundisha matamshi.
Lakini Abdinoor ameomba kurudishwa shule ile ile.
Anafundisha kwa daftari la Ezra,
anasema mwandiko wake mbaya, ila hesabu zote ziko sawa.
Na mwanawe Ezra, wa darasa la sita,
amenitumia picha ya mtihani wake: themanini na tisa.
Chini yake ameandika, shangazi, nilikosea moja
kwa haraka tu.

Jana maji hayakumwagika.
Leo yamemwagika.
Bi Zayana hakujifanya haoni. Aliishika gilasi kwa chini,
mkono wake juu ya wangu,
mpaka spika iliponyamaza.